Mota Iliyomwangusha Baba

Kaka yangu alinivunja vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa pampu ya baiskeli, Jumapili mchana, mama akiosha sufuria karibu nasi. Ilikuwa pampu ya zamani, ya chuma, yenye miguu ya kukanyagia. Niliinua mkono kukinga kichwa, na ndiyo maana vikavunjika vidole badala ya fuvu. Nilisikia mlio kabla ya kusikia uchungu. Ulikuwa kama wa mtu anayevunja kijiti kuona kama kimekauka vya kutosha kuwashia moto.

"Umeua mzee!" alikuwa akipiga kelele. "Wewe na ufundi wako! Ati fundi! Umeua mzee!"

Baba hakuwa amekufa. Alikuwa amelazwa Bungoma, nyonga imevunjika, mtulinga umevunjika, uso wote umechunwa na murramu, zile changarawe za barabarani. Lakini kaka alikuwa anatoka kumwona huko, na alikuwa ameona baba analishwa uji kwa kijiko na muuguzi mwenye umri wa mjukuu wake. Njia nzima mpaka nyumbani alikuwa akijipikia hasira. Baiskeli yenyewe alikuja nayo ndani ya lori lake la miwa. Aliivuta kwa usukani, akaibwaga mbele ya jiko, akaniita nje, na nilipotoka tu nikakutana na pampu.

Alinipiga begani, akanipiga mkononi, akanipiga mgongoni nilipoanguka. Sikuweza kukimbia kwa sababu alikuwa amenikanyaga kanga. Ni mama aliyemtoa. Hakupiga nduru, hakuita majirani. Alikuja na mikono yake imejaa povu la sabuni, akamshika kaka mkono kwa mikono yake miwili, akamng'ata. Aling'ata kama mtu anayetafuna muwa, na hakuachilia mpaka pampu ikaanguka chini.

"Ondoka kwangu," mama alimwambia, midomo ina damu. "Ondoka kabla sijasahau nilikuzaa."

Kaka akapanda lori akaondoka. Baiskeli akaiacha pale pale, gurudumu la nyuma likiwa limetoka nje ya fremu na kuning'inia kwa waya.

Baba yangu hupandikiza miche ya avokado. Nyumbani kwetu ni upande wa Ndalu, na kwa miaka mingi alizunguka mashamba yote mpaka Kiminini, kisu na nailoni mfukoni, akichanja miche ya watu. Magoti yalipoanza kumkataa, mimi na kaka tulishirikiana kumtafutia baiskeli ya umeme, ile yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Aliipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu mbele ya macho yetu. Aliifuta kwa shati lake. Betri alilala nayo chumbani.

Mimi ni fundi wa mota, nina kibanda Kitale, nyuma ya maduka ya mbao. Nilianza kwa kusuka upya koili, zile nyaya za shaba za ndani, za mota za visiagi vya unga na za pampu za maji. Baiskeli za umeme zilipoanza kuonekana kwetu, watu waliniletea tu kwa sababu hawakujua pa kuzipeleka, nami nikajifunza kwa kuzifungua. Ya baba nilikuwa nimeitengeneza majuma machache kabla ya ajali. Ilikuwa na ugonjwa wa kutetemeka: ukiiwasha ilitikisika papo hapo kama ng'ombe mwenye homa, haiendi mbele wala nyuma. Ndani ya mota ile kuna sensa tatu, kila moja ndogo kama punje ya mchele, na kazi yao ni kuuambia umeme sumaku zimefika wapi. Moja ilikuwa imekufa. Nilibadilisha zote tatu, nikarudisha gurudumu, nikaikimbiza mpaka Kiminini na kurudi, nikamkabidhi baba.

Kwa hiyo kaka aliponiambia nimeua mzee, niliogopa kuwa ni kweli. Baba aliteremka ule mteremko wa mtoni, akiwa na miche kwenye keria. Alipofika bondeni akafungua umeme wote apate nguvu ya kupanda upande wa pili, na gurudumu la nyuma likakamata ghafla. Waliomwokota walisema aliruka juu ya usukani kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori. Fundi wa mwisho kushika gurudumu hilo, kwa nijuavyo, nilikuwa mimi.

Usiku huo sikulala, na si kwa sababu ya vidole peke yake.

Jumatatu asubuhi mama aliomba jirani mwenye pikapu atupeleke Kitale, mimi na yeye na baiskeli. Kliniki walinifunga vidole kwa kibao, wakaniambia nikapumzike. Nilienda moja kwa moja kibandani. Mama alikuja nyuma yangu, akageuza debe, akalikalia.

"Fungua," akasema. "Nataka kuona ni nini iliangusha bwanangu."

"Mama, mkono mmoja haufungui mota."

"Si mimi niko na miwili?"

Tukafunga fremu kwenye stendi, tukarudisha gurudumu mahali pake, likiwa haligusi chini. Nilimwambia ajaribu kulizungusha. Lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia, likienda kwa kugugumia, hatua ndogo ndogo, kama kuna mtu ndani anayelishika na kuliachilia. Betri nilikuwa nimeichomoa, kwa hiyo haikuwa umeme unaolisukuma. Kuna mambo mawili yanayofanya mota iwe nzito hivyo bila betri. Ama kile kisanduku cha kuongoza umeme, tunachokiita kontrola, kimeungua ndani na kuunganisha nyaya, au nyaya za mota zenyewe zimegusana mahali fulani. Zikigusana, mota inageuka breki. Kadiri unavyoizungusha ndivyo inavyokupinga.

Nikachomoa plagi ya mota kutoka kwa kontrola. "Zungusha tena, mama."

Bado lilikuwa gumu.

Kontrola haikuwa na hatia. Ugonjwa ulikuwa upande wa mota, pale pale nilipoingiza mikono yangu. Kama waya niliochoma solda kwenye sensa ulifunguka ukagusa koili, basi kaka alikuwa na haki, na ile pampu ilikuwa adhabu ndogo.

Nilichukua tochi nikafuata waya mkubwa kutoka kwenye plagi hadi unapoingia katikati ya gurudumu. Waya huo hupita kwenye tundu ndani ya ekseli, ule mhimili wa gurudumu. Hapo ndipo nilipouona. Ulikuwa umesokotwa kama nguo iliyokamuliwa. Ngozi ya juu ilikuwa imechanika, nyaya za ndani zimebanwa pamoja, shaba ikigusa shaba, na mahali pamoja pameungua peusi.

"Mama, nipe ile koleo ya kukata."

Nikaukata waya pale pale palipochanika, kisha nikazitenganisha ncha. "Zungusha."

Mama akasukuma kwa kiganja, kwa nguvu, kwa kuwa alidhani bado ni gumu. Gurudumu likaruka mbele, likazunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka lenyewe. Mama akarudisha mkono wake haraka kana kwamba ameguswa na moto.

"Imepona?"

"Koili ni nzima," nilimwambia. Nikaunganisha mita kwenye sensa, nikazipa umeme mdogo, nikamwomba azungushe polepole. Namba zikapanda na kushuka, zikapanda na kushuka, kwa zote tatu. Zilikuwa hai. Nikakaa chini sakafuni nikalia, na mama akaniacha nilie.

Lakini waya haujisokoti. Ekseli ndiyo iliyozunguka ikausokota. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inasukumwa kurudi nyuma kwa nguvu ile ile, na nati peke yake haiwezi kuizuia. Kwa hiyo huwa naweka mkono wa chuma: kipande chembamba chenye tundu bapa linaloikamata ekseli, na upande wa pili kinafungwa kwenye fremu kwa bolti. Nilikuwa nimekiweka, nimekaza kwa spana namba kumi na nane mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Sasa hakikuwepo. Midomo ya fremu inaposhikia ekseli ilikuwa imeparuzwa na kupanuliwa.

"Kulikuwa na chuma hapa," nikamwonyesha mama kwa kidole. "Cha urefu huu. Kina tundu kama jicho."

Mama alipima urefu ule kwa kiganja chake. Halafu akasema, "Hicho si ndicho kiko kwa mlango wa ndama?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mama alinieleza kwamba kaka alikuja nyumbani wikendi moja baada ya mimi kuitengeneza baiskeli, akakuta gurudumu lina pancha, baba yuko kitaluni. Alilitoa, akaziba pancha, akalirudisha. Kile chuma kikabaki mkononi, akakiona hakina kazi, akakigongomelea kwenye mlango wa zizi la ndama kiwe komeo. Nati alizikaza kwa praisi tu, ile koleo ya mkono, badala ya spana.

Ili kubadilisha ule waya ilikuwa lazima tufungue mota yenyewe, na hiyo ni kazi ya hatari hata kwa mwenye vidole kumi. Ndani kuna mduara wa sumaku zenye nguvu, na donge la koili limekaa katikati. Ukilivuta nje, sumaku zinalirudisha kwa kishindo, na kama kidole kiko katikati linakibana mpaka mfupa. Mama alikanyaga rimu kwa miguu yote miwili, akashika spoki, mimi nikavuta ekseli kwa mkono mmoja na nguvu za kiuno. Lilitoka kidogo, likanipokonya, likapiga chini *pwaa* na meza ikaruka. Mara ya pili lilimchuna mama kiganja. Akafunga kitambaa cha kichwa kwenye jeraha, akasema, "Tena." Mara ya tatu likatoka.

Waya mpya niliuchoma nikiwa nimeung'ata kwa meno ili usisogee. Moshi wa solda ulinitoa machozi. Tulimaliza jioni, mama akarudi Ndalu na ule ukweli. Alipofika nyumbani akampigia kaka simu akamweleza yote. Laiti angeningoja.

Kaka alikuja Kitale Jumatano, kabla ya saa sita. Nilikuwa nimewasha gurudumu kwenye stendi, bila mtu kuipanda baiskeli, nikitaka lizunguke muda mrefu nione kama waya utapata moto. Lilikuwa linanguruma vizuri, spoki hazionekani kwa kasi. Niliinua macho nikamwona mlangoni na nondo mkononi, amevaa jaketi lake kubwa la safari.

"Unaniharibia jina?" akaniuliza. "Kwa mama? Ati mimi ndio niliangusha mzee?"

"Njoo uone waya," nikasema. "Nimeuweka. Njoo uone tu."

"Sitaki kuona! Utatengeneza uongo kwa chuma, nani atajua?"

Akainua nondo. Nilidhani ni yangu, nikajikunyata nyuma ya meza. Lakini haikuwa yangu, alikuwa analenga gurudumu. Nondo iligonga stendi ikamruka mkononi, na yeye, kwa ule mwendo wa kupiga, akaenda mbele mzima mzima. Mkono wa jaketi ukaingia kwenye spoki.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Kitambaa kilivutwa kikajizungusha, na mkono wake ukafuata, na yeye akapiga magoti, shavu lake karibu na tairi, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Stendi ilikuwa ikiinama kumfuata. Mkono wangu mzima ulikuwa umeshafika kwenye plagi ya betri kabla sijawaza lolote. Nikaichomoa kwa nguvu, cheche ikaruka, na gurudumu likasimama.

Angekuwa mtu mwingine anayesimulia, angeishia hapo. Mimi nilipoona gurudumu limesimama na yeye yu hai, nilichukua spana ile ile namba kumi na nane nikampiga nayo begani. Nikampiga tena. Alikuwa bado amefungwa kwa jaketi lake, hawezi kwenda popote, na nilikuwa natoa mlio ambao sikuujua. Welda, mchomelea vyuma wa kibanda cha pili, ndiye aliyeingia akanikumbatia kutoka nyuma, akaninyanyua miguu ikiwa hewani.

"Fundi! Fundi, wacha bana! Utaua mtu!"

Alinishika mpaka nikaachilia spana. Kisha akachukua makasi, akalikata jaketi. Mkono wa kaka ulikuwa umechubuliwa kuanzia kiganja hadi kiwiko, nyama nyekundu, na umevimba palipovunjika. Nilimfungia kwa kipande cha katoni na mpira wa tairi. Kwa vidole vyangu vilivyofungwa kibao, ilibidi welda atushikie ncha ya mpira.

Nilipomaliza nikachukua kile kipande cha waya nilichokata, nikakiweka kwenye paja lake. Alikitazama muda mrefu, akakigeuza kwa mkono uliobaki.

"Nilidhani ni chuma tu," akasema.

"Si ungeuliza?"

"Ningeuliza nani?"

"Baba alikuwa kitaluni. Hapo nyuma ya nyumba."

Akacheka, kicheko kibaya. "Mzee? Wewe unaweza kuuliza mzee kitu?"

Nilijua anachosema. Kaka ana kovu juu ya sikio. Tulikuwa wadogo, baba anafunga plau asubuhi, kaka amemshikia bolti. Kaka akauliza hii inaenda wapi. Baba akampiga nayo. Hakumpiga kwa hasira hata, alimpiga kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea kukaza plau huku damu ikimteremka mtoto shingoni. Nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza. Ulijua au ulijifanya unajua. Mimi nilikimbilia Kitale kujifunza kwa watu wengine. Yeye alibaki akijifanya.

Welda alitutafutia gari mpaka hospitali ile ile aliyolazwa baba, kwa sababu kaka alisema mkono ukitengenezwa Bungoma atakuwa karibu na nyumba yake. Nilienda naye. Usiniulize kwa nini. Baada ya kufungwa plasta, tulipanda wodini pamoja, tukasimama kila mtu upande wake wa kitanda.

Baba alitazama plasta ya kaka. Akatazama kibao cha vidole vyangu. Uso wake ulikuwa umeanza kukauka magamba.

"Nani amepiga nani?" akauliza.

Kaka akageukia dirisha.

"Kile chuma," baba akasema. "Mlikipata?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Chuma gani, Baba?"

"Cha baiskeli. Kwa mlango wa ndama. Nilikiona siku nyingi."

"Ulikiona," kaka akasema.

"Nilikiona nikajua ni cha huyu msichana, na nikajua ni wewe umekitoa. Ningesema, ungekuja hapo nyumbani mpigane. Nikaona, wacha. Ni chuma kidogo, nitaenda polepole."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetarajia kushukuriwa. Niliangalia mikono yetu mitatu iliyofungwa, wake kifuani kwa ajili ya mtulinga, wa kaka, wangu. Nilitaka kumwambia jambo, nikashindwa hata pa kuanzia. Kaka hakushindwa. Alipiga kabati la chuma kando ya kitanda kwa ngumi ya mkono wake mzima, mara moja, likabonyea, dawa na kikombe vikaruka sakafuni, na wagonjwa wote wakageuka. Baba aliinua mkono kukinga uso.

Sijawahi kumwona baba akifanya hivyo. Kaka naye aliona. Alibaki ameshika ngumi, akiutazama ule mkono wa mzee uliokuwa juu ya uso, halafu akatoka nje ya wodi kabla muuguzi hajafika. Nikaokota kikombe.

Kaka hajaniomba msamaha, nami sijamwomba. Krismasi alikuja, tukaongea habari za ng'ombe na bei ya mbolea, akaondoka kabla ya chai. Mkewe aliniambia pembeni kwamba siku hizi akikasirika anatoka anaenda kukaa ndani ya lori, anakaa humo kimya mpaka giza. Sijui kama hiyo ni nafuu. Yeye alisema ni nafuu. Vidole vyangu viwili havikunjiki tena, kwa hiyo waya mwembamba naushika kwa meno, na wateja wangu wamezoea kuniona hivyo.

Baba hawezi kupanda baiskeli tena. Anaketi kitaluni kwenye kiti, anachanja miche akiwa hapo hapo. Baiskeli niliifunga mikono ya chuma miwili, mmoja kila upande, nikaipeleka nyumbani nikidhani itauzwa. Mama akaniambia nishushe kiti.

Alijifunza kwenye njia ya ng'ombe. Mara ya kwanza alifungua umeme wote, baiskeli ikamtoka ikaingia kwenye mahindi, yeye akabaki amekaa chini, amejaa vumbi, anatukana kwa lugha ya kwao. Mara ya pili alifika mpaka kwa jirani. Sasa yeye ndiye anayepeleka miche Ndalu siku za soko, sanduku limefungwa nyuma, leso imefungwa kidevuni. Nilikuwepo wiki iliyopita alipokuwa anatoka. Baba alimwona akiongeza mwendo kuelekea mteremko, akajiinua nusu kwenye kiti.

"Polepole!" akapiga kelele. "Wewe mama! Nimesema polepole!"

Mama hakugeuka. Alimpungia mkono mmoja tu bila kumtazama, kama unavyopungia mtu wa barabarani, akaingia barabarani akaenda.